Stempu Ionekane na Ila Zake

Mwezi wa Novemba mwaka 1895, posta ya Unguja ilipotoka mikononi mwa serikali ya Bara Hindi na kuingia chini ya utawala wa himaya ya Waingereza visiwani, hazikuwapo bado stempu zilizochorwa kwa ajili ya nchi hiyo. Kwa hiyo zilichukuliwa stempu za Bara Hindi zenye sura ya Malkia Victoria, zikapelekwa katika ofisi za gazeti la Zanzibar Gazette, na huko zikapigwa juu yake neno moja tu: Zanzibar. Herufi za chapa zilipangwa kwa mkono, na mkono wa mwanadamu hauachi kughafilika. Ndiyo sababu zikatoka stempu zisomekazo Zanzidar, na nyingine Zanizbar, na nyingine Zanibar, makosa ambayo labda mpiga chapa aliyaonea haya, lakini ambayo mkusanyaji wa leo huyalipia mara nyingi zaidi kuliko anavyoilipia stempu iliyoandikwa sawasawa. Na kwa kuwa palipo na thamani hapakosi mwenye tamaa, wako waliozitwaa stempu za kawaida za Bara Hindi, ambazo zenyewe ni rahisi, wakazipiga neno hilo kwa ghushi, hata imekuwa shida kwa asiye mjuzi kuzitenga halisi na bandia.

Stempu ya namna hiyo ilipokuwa ikiuzwa na dalali wa zamani, mshitiri alikaribishwa kitini, akapewa kibanio na kioo cha kukuzia, akaigeuza mbele na nyuma, akaiinua nuruni, akayapima meno ya kingo zake, ndipo akataja bei. Siku hizi sehemu kubwa ya biashara hii imehamia katika minada ya intaneti, kama ile ya eBay iliyoanzishwa Marekani mwaka 1995, na Delcampe ya Ubelgiji ambayo imejengwa hasa kwa ajili ya wakusanyaji; na humo mwenye kuuza aweza kuwa Mombasa au Dar es Salaam, mwenye kununua akawa Muscat, London au Toronto, na baina yao pasiwe na kitu isipokuwa picha na maneno machache yaliyo chini yake. Kila ambacho mkono na jicho la mnunuzi vingalikifanya, picha haina budi kumfanyia. Na picha isiyofanya hivyo ama humkimbiza mwenye ujuzi, ama humvuta asiye na ujuzi kisha ikamletea majuto, akairudisha stempu na kudai fedha zake.

Hapo ndipo wauzaji wengi wapya wanapopotea njia. Hudhani kwamba kazi yao ni kuipamba bidhaa, basi huongeza mwanga mpaka karatasi iliyogeuka manjano ikawa nyeupe, huzitia rangi nguvu zisizokuwa nazo, huzikata kingo za picha karibu na mchoro ili jino lililokatika lisionekane. Mimi naona kwamba kazi ya picha ya mnada ni kutoa ushahidi, na shahidi hatakiwi kuwa mzuri wa sura, hutakiwa kuwa mkweli. Watu wa pwani waliosoma habari za biashara katika fikihi wanajua ya kuwa ni wajibu wa muuzaji kuibainisha ila ya anachokiuza, na wengi wamekisikia tangu chuoni kisa cha yule mwenye rundo la nafaka, kavu juu na bichi chini, aliyekemewa na Mtume kwa kuuficha unyevu ule usionekane na watu. Stempu nzuri kwa mbele iliyoparuka kwa nyuma, ikapigwa picha kwa mbele peke yake, ni rundo lile lile.

Chombo kifaacho kuliko vyote kwa stempu moja moja ni skana ya kioo bapa, ile ya kulazia karatasi, kwa sababu huitazama stempu kwa wima kamili, haiipindi mistari yake, na nuru yake haibadiliki toka stempu hii hadi ile. Lakini skana hazilingani: zile nyembamba sana huona vizuri kile tu kilichogusa kioo, hata stempu iliyojikunja kidogo kwa joto na unyevu hutoka na ukungu pale ilipoinuka, ilhali zile nene za namna ya zamani huona kwa kina kikubwa zaidi. Simu ya mkononi nayo ina faida yake, nami nitaieleza mahali pake. Ila ikisogezwa karibu mno, lenzi yake huzifanya kingo zilizonyoka zionekane zimebenuka, na kivuli cha mkono wa mpigaji huangukia pale pale panapotakiwa nuru. Asiye na chombo kingine na aiegemeze simu mahali imara, mbali kidogo na stempu, kisha aikuze picha badala ya kuisogeza simu. Na achague nuru ya mchana iingiayo dirishani, si jua lenyewe.

Habari ya nukta ni hesabu nyepesi. Stempu ya kawaida ina urefu wa milimita 24 hivi. Skana ikisoma nukta 300 katika kila inchi, picha itakuwa na urefu wa pikseli 283 tu, nao ni uchache usiokubalika hata kwa eBay, ambayo hutaka upande mrefu wa picha usipungue pikseli 500. Ikisoma 600 zitapatikana pikseli 567, na ikisoma 1,200 zitapatikana 1,134. Kwa stempu za kila siku 600 zatosha. Kwa stempu ambayo thamani yake yote imo katika herufi moja iliyokosewa, 1,200 si nyingi. Kuisoma kwa 300 kisha kuikuza kwa programu ni kazi bure, maana programu hairudishi kilichokosekana, hukikisia tu, na mnunuzi halipi fedha zake kwa makisio.

Stempu ilazwe kifudifudi juu ya kioo kilichopanguswa kwa kitambaa laini na kikavu, imetolewa katika kifuko chake cha plastiki, kwa kuwa plastiki hung'aa na kung'aa huko huficha mikunjo. Na mgongoni mwake liwekwe karatasi gumu jeusi lisilometameta. Kifuniko kishushwe taratibu wala kisigandamizwe, hasa kwa stempu yenye gundi yake kamili, kwani katika hewa ya pwani gundi hupata unyevu upesi ikashika kioo, na stempu iliyonusurika miaka mia moja ikaharibika kwa dakika moja ya haraka.

Weusi ule wa nyuma si pambo. Meno ya stempu ni sehemu ya mali yake, na juu ya karatasi nyeupe jino fupi halijulikani mbali na jino zima. Katika stempu za Kenya, Uganda na Tanganyika zenye sura ya Mfalme George wa Sita, zilizoanza kutolewa mwaka 1938, mchoro ule ule ulitobolewa kwa mashine mbalimbali katika miaka mbalimbali, nyingine zikawa na matobo 13¼ katika kila sentimita 2, nyingine 14, nyingine 13 upande mmoja na 11¾ upande wa pili. Na tofauti hiyo, ambayo jicho la haraka haliioni kabisa, huweza kuitenga stempu ya kupewa mtoto na stempu ya kuwekwa sandukuni kwa kufuli. Picha iliyosomwa kwa nukta 600, ambayo ndani yake sentimita 2 ni pikseli 472, humwezesha mshitiri kuyahesabu matobo hayo mwenyewe pale alipo, mradi muuzaji ataje idadi ya nukta alizozitumia, na asiwe ameipunguza picha wala kuivuta upande mmoja. Lakini weusi una dhara yake pia: huonekana kwa ndani katika karatasi nyembamba na kuitia giza, hata stempu safi ikadhaniwa chafu. Kwa hiyo stempu iliyochapwa juu ya karatasi nyembamba ni vema iwe na picha mbili, moja juu ya jeusi kwa ajili ya meno, na moja juu ya jeupe kwa ajili ya rangi.

Na rangi ndiyo mlango mkubwa wa fitina. Stempu za kwanza zilizochorwa kwa ajili ya Unguja yenyewe, za mwaka 1896, zina sura ya Sultani Hamed bin Thuwaini, aliyefariki Agosti ya mwaka huo huo, na bendera zake zimechapwa kwa rangi nyekundu, ilhali sehemu nyingine ya stempu ni kijani, buluu, au rangi nyingineyo kwa kadiri ya bei yake. Skana iliyoachwa ijichagulie rangi, ikikuta wekundu kama huo juu ya kijani, huweza kujaribu kuzipatanisha rangi hizo mbili, ikaziharibu zote. Na si jambo dogo, maana katalogi za stempu, kama ile ya Stanley Gibbons ambayo orodha yake ya kwanza ilitoka mwaka 1865, huzitenga rangi zilizo jamaa kama nili na buluu ya urujuani, na kila moja ikawa na nambari yake na bei yake. Mwenye kuuza na azime kila kitu katika skana chenye kujirekebisha chenyewe, achague mpangilio mmoja, adumu nao. Na njia nyepesi ya kumpa mshitiri kipimo ni kuilaza stempu rahisi yenye rangi inayojulikana na kila mtu kando ya ile inayouzwa, zikasomwa pamoja, ili akiiona ile ya kwanza imegeuka ajue kwamba na ya pili imegeuka kadiri hiyo hiyo.

Katika mlango huo huo huingia habari ya madoa. Unyevu wa pwani, ambao hauachi kitabu wala kanzu, huzaa katika karatasi na gundi vidoa vya hudhurungi mfano wa kutu, na stempu nyingi za Afrika Mashariki zilizokaa makabatini mwetu zinavyo. Kuongeza mwanga kidogo tu katika programu huvifuta vidoa hivyo vyote, na wako wanaosema kwamba hawakukusudia hadaa, wao walitaka picha ing'ae. Sina neno la kuwatetea. Mkusanyaji aliyeko nchi ya baridi huogopa madoa hayo kuliko anavyoogopa kona iliyokatika, kwa kuwa kona haiambukizi.

Upande wa nyuma hauombi ustadi mkubwa, huomba moyo wa kuuonesha tu. Humo huonekana gundi ikiwa ipo, na kikaratasi cha kubandikia albamuni au alama yake, na mahali ambapo karatasi imepungua unene kwa kubanduliwa vibaya. Kwa stempu isiyotumika, gundi ya asili isiyowahi kubandikwa hupandisha bei sana, na ndiyo maana wako wanaopaka gundi mpya. Dalili yake mara nyingi imo katika ncha za meno, ambako gundi iliyopakwa baada ya kutobolewa huingia katika nyuzi na kuzifanya ngumu. Ncha hizo basi zipigwe picha kwa nukta 1,200, na muuzaji akishindwa kusema ni gundi ya asili au si ya asili, mshitiri atasema.

Iko tena alama iliyomo ndani ya karatasi yenyewe, iliyofanywa wakati karatasi ilipokuwa bado rojo. Stempu za Hamed bin Thuwaini zina alama ya ua la waridi, tofauti na taji na herufi CA zilizotumiwa kwa makoloni mengi ya Waingereza. Alama hii haionekani kwa skana ila kwa bahati. Desturi ya wajuzi ni kuilaza stempu kifudifudi katika kisahani cheusi, kuidondoshea matone machache ya maji maalumu ya kazi hiyo yasiyoyeyusha gundi, na kuitazama alama itokezapo kwa sekunde chache kabla ya matone kukauka. Na hapa ndipo simu inapoishinda skana, kwa kuwa huwekwa tayari juu ya kisahani ikapiga saa ile ile. Mtu asithubutu kutumia maji ya kunywa, kwani wino wa baadhi ya stempu za zama zile ulitengenezwa kwa makusudi uchujuke ukilowa, ili mtu asiweze kuosha muhuri na kuitumia stempu mara ya pili. Wala asitumie bensini jikoni penye moto.

Faida ya pili ya simu ni nuru ya ubavuni. Taa ya skana hupita karibu mno na stempu, hata mkunjo mwepesi hauachi kivuli, na stempu iliyokunjwa ikatoka katika picha nyoofu kama iliyotoka kiwandani jana. Muuzaji wa stempu hiyo hakudanganya kwa nia, lakini picha yake imedanganya. Dawa yake ni kuiweka stempu mezani chumba kikiwa na giza kidogo, kuwasha tochi kwa upande ikiwa chini karibu sawa na meza, na kuipiga picha kutoka juu. Kila mkunjo na kila mpasuko mdogo hutoa kivuli chake ukajitaja wenyewe.

Sasa turudi kwenye maandishi yaliyopigwa juu ya stempu, kwani huko ndiko kuliko na fedha na fitina nyingi kuliko kwingine katika stempu za Unguja. Baada ya mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964, stempu zilizokuwapo posta, miongoni mwake zile za mwaka 1961 zenye sura ya Sultani Abdulla bin Khalifa, zilipigwa kwa mkono muhuri wenye maneno Jamhuri 1964, na baadaye mwaka huo zikaja zilizopigwa kwa mtambo. Muhuri wa mkono hauna msimamo: hupinda, hufifia upande mmoja, hupigwa mara mbili, hata hupigwa kichwa chini, na kila hali ina wapenzi wake. Mwenye kuziuza atoe picha ya stempu nzima, kisha picha ya pili ya maneno hayo peke yake kwa nukta nyingi, ili kingo za herufi zionekane kama ni za mpira uliolowa wino au za chuma cha mtambo. Na kama stempu imetumika, ioneshwe hasa mahali ambapo muhuri wa posta unakutana na neno lililopigwa. Wino wa muhuri wa posta ukiwa juu ya neno, mambo yamekwenda kwa utaratibu wake. Neno likiwa juu ya muhuri, maana yake stempu ilitumika kwanza, kisha neno likaongezwa, na hapo hapana haja ya kuuliza zaidi. Kadhalika tarehe ya muhuri isomeke. Neno Jamhuri chini ya tarehe ya mwaka 1962 ni kichekesho.

Walakini picha ina mpaka wake. Jean de Sperati, mghushi mashuhuri aliyeishi Ufaransa na kufariki mwaka 1957, aliwababaisha wataalamu waliozishika stempu zake kwa mikono yao, hata mwaka 1954 chama cha British Philatelic Association kikainunua akiba yake ili asiendelee kuzitawanya. Itakuwaje kwa anayetazama kioo cha simu? Stempu ya thamani kubwa na ipelekwe kwa kamati ya wataalamu, kama ile ya Royal Philatelic Society London, chama kilichoanzishwa mwaka 1869, itolewe hati. Na hati ikishapatikana isomwe kwa skana pamoja na stempu yenyewe, kwa maana hati huwa na picha ya stempu iliyokaguliwa, na mshitiri hulinganisha meno ya picha ile na meno ya hii, asije akauziwa hati ya stempu nyingine.

Ziko stempu za bei ya juu, kama zile za Unguja za mwaka 1908 zilizofika rupia 200, na za Kenya na Uganda za kuhesabiwa kwa pauni, ambazo mara nyingi ziliwekwa juu ya hati za serikali na kufutwa kwa kalamu badala ya kutumika barua. Wako waliousugua wino huo wa kalamu na kupiga muhuri wa posta wa uongo. Taa ya urujuanimno, ipatikanayo siku hizi kwa bei ndogo kwa watu wa kukagua noti, mara nyingi huonesha mabaki ya mistari iliyosuguliwa. Picha moja chini ya taa hiyo humnyamazisha mwenye shaka, au humthibitishia shaka yake.

Yaliyobaki ni mepesi. Picha inyoshwe isiwe imeinama, ikatwe lakini iachiwe ukanda wa weusi pande zote nne, isitiwe jina la muuzaji katikati ya sura ya Sultani. Na ihifadhiwe kwa ubora wa juu, kwa kuwa kuibana mno huzizungushia herufi ukungu ambao mnunuzi ataudhania alama ya chapa ya bandia. Ya kwanza iwe mbele, ya pili nyuma, zinazofuata ziwe ushahidi wa madai: ukisema Zanzidar, herufi hiyo ionekane.

Na nakala ya asili isiyoguswa na programu isifutwe mnada ukiisha. Ipewe jina lenye nambari ya katalogi na tarehe, iwekwe mahali pa amana kwa muda usiopungua ule ambao mnunuzi ana haki ya kurudisha, kwa maana hutokea mtu akainunua stempu nzima na kurudisha iliyo na ila, akidai kwamba ndiyo aliyopelekewa. Hakuna stempu mbili ambazo meno yake yalichanika sawasawa kabisa, wala ambazo mchoro wake umekaa mahali pamoja kabisa baina ya matobo. Zikiwekwa picha hizo mbili ubavu kwa ubavu, jino la tatu la juu litafupika katika moja na kurefuka katika nyingine, na wasimamizi wa mnada watakuwa na kitu cha kukatia shauri.